Paka Kifuani

Gizani kulikuwa na sauti mbili, na Lukresia hakuweza kuzitenganisha. Moja ilikuwa ya paka, mkoromo mdogo wa kuridhika, kama jiwe la kusagia linalosukumwa na mtu asiye na haraka. Nyingine ilitoka kifuani mwa mwanawe. Nayo ilikoroma, ila mwisho wa kila pumzi ilipiga filimbi nyembamba, kisha ikanyamaza. Katika ukimya ule Lukresia naye aliacha kupumua mpaka filimbi ianze tena.

Jogoo wa jirani aliwika mara moja. Lukresia akanyoosha mkono, akagusa manyoya yenye joto. Paka alikuwa palepale alipomlaza jana jioni, juu ya kifua cha Hyasinta, miguu ameikunja chini ya tumbo kama mzee aliyejifunika blanketi barazani.

Akawasha kibatari.

Mtoto alikuwa macho. Aliegemea ukuta, mdomo wazi, mabega yakipanda na kushuka kama ya mtu anayeupanda mlima wa kwenda Kreta ya Ngorongoro akiwa na debe kichwani. Macho yalikuwa yamevimba, mekundu kingoni.

"Mama." Akavuta hewa. "Maji."

"Umelala, mwanangu?"

"Kidogo." Akavuta tena. "Polisi mzito."

"Ndiyo dawa. Vumilia, zimebaki siku tatu tu."

Polisi lilikuwa jina la paka. Wilibrodi, baba yake Hyasinta, ndiye aliyempa, kwa sababu paka yule hakujua kazi nyingine ila kukamata. Alikuwa wa kijivu, miguu yote minne nyeupe kama amevaa soksi za sare, na hakuwa na uso wa kumwogopa mtu. Mwanga wa kibatari ulipompiga alifumba macho, akaendelea kukoroma.

Lukresia alimnywesha mtoto maji kidogo kidogo, akawa anahesabu. Tangu kifua kianze kubana alikuwa anahesabu maneno ambayo Hyasinta anaweza kuyasema kwa pumzi moja. Juma lililopita yalikuwa matano, hata sita. Leo mawili. Dawa kali humchosha mgonjwa kabla ya kumponya, alijiambia. Hata kwinini humfanya mtu atapike kwanza.

Akakitoa kitabu chake cha kisomo kilichokuwa chini ya mto, na ndani ya kitabu akatoa karatasi. Alikuwa ameikunjua na kuikunja mara nyingi hata pembe zake zikalainika kama kitambaa. Mstari wa kwanza uliandikwa kwa herufi za kukimbia, zimelaliana kama ngano iliyopigwa na mvua ya mawe. Aliamini ni sahihi ya mganga wa zahanati. Mstari wa pili ulikuwa wazi, herufi mojamoja, kana kwamba mganga alijua msomaji wake ni nani.

Paka kifuani asubuhi na jioni, siku 7.

Aliusoma tena, midomo ikicheza. Neno la kwanza hakuhitaji hata kulitamka kwa silabi. Ndilo neno la kwanza aliloweza kulisoma maishani mwake, miaka miwili iliyopita, kwenye ukurasa wenye picha ya paka aliyekaa juu ya gunia. Siku ile alilia darasani mbele ya watu wazima wenzake, na hakuona haya.

Asubuhi ya leo ilikuwa imekwisha kutimizwa. Akamwondoa paka taratibu, akaenda kukamua.

*

Zahanati walikuwa wamekwenda Jumamosi. Foleni ilizunguka nyumba. Mganga, kijana wa Tanga aliyeletwa na serikali mwaka ule, alizungumza Kiswahili chepesi cha kuteleza, kama mtu anayemwaga mtama. Lukresia, aliyekulia katika Kimbulu na kukipata Kiswahili ukubwani, aliokota punje chache tu. Mganga alimsikiliza Hyasinta mgongoni, akampa vidonge sita, akaandika.

"Dawa yenyewe hapa imekwisha, mama. Nimekuandikia. Kama nyumbani haipo ulizia kwa majirani, haikosi." Kisha akaita, "Anayefuata!"

Njia nzima Lukresia alimshukuru Mungu. Wengine wangeanza kuzunguka vijiji kuulizia. Wao wanaye.

Mama mkwe wake, Katarina, ndiye aliyesita. Alikuwa ameketi karibu na moto akichambua maharage kwenye ungo, mama mwembamba mwenye macho yaliyoanza kuingia ukungu.

"Paka?"

"Paka, Ayo." Ndivyo alivyomwita, kwa Kimbulu, mama.

"Awekwe kifuani?"

"Asubuhi na jioni. Siku saba."

Katarina aliupepeta ungo mara mbili. "Mimi huyu mtoto namwona. Akimkumbatia Polisi macho yanamwasha. Anapiga chafya kama mbuzi aliyeingiza pua kwenye ugoro."

"Ni moshi, Ayo."

"Moshi tunavuta wote."

"Imeandikwa."

Neno hilo lilikuwa la kanisani na la ofisi ya kijiji; mtu asiyejua kusoma hana la kulijibu. Katarina aliokota kijiwe kati ya maharage, akakitazama karibu na jicho, akakitupa motoni. Kisha yeye mwenyewe akainuka, akamtoa Polisi kitandani kwake, mahali alipolala kila siku, akamkabidhi kwa mikono miwili kama anayetoa sadaka.

Maana paka yule kwake hakuwa wa kuchezewa. Mwaka wa tauni, binti yake wa mwisho, Cresensia, aliona panya amelala chini ya ngazi ya dari. Msichana msafi, alimshika mkia akamtupa nje, akanawa mikono kwa majivu. Siku ya nne walimzika. Watu wa afya walikuja, wakanyunyiza unga mweupe hadi kwenye vyungu, wakafundisha: panya mwenye jeraha la paka hana neno, lakini panya aliyekufa bila jeraha msimguse, toeni taarifa. Katarina alitoa jogoo wake mmoja, akaenda kwa miguu mpaka Endabash, akarudi na paka ndani ya kikapu. Tangu hapo hakuna panya aliyeonekana amekufa kiamboni pale bila yeye kwenda kumgeuza kwa kijiti, ameinama, akitafuta alama za meno.

*

Jumatano alasiri ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msitu wa Ngorongoro na kukaa juu ya mashamba. Lukresia alimaliza kupura maharage yake uani, akajikung'uta, akajifunga khanga safi.

"Leo pia unakwenda?" Katarina aliuliza.

"Jumatatu ni mtihani, Ayo. Nitarudi kabla ya jua kuzama."

"Na jioni ikikukuta hukohuko?"

Lukresia alitazama kitandani. Mchana kutwa Hyasinta alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, hataki kulala wala kucheza. Moyo ulimwambia abaki. Lakini aliukumbuka mstari ule ulivyokuwa wazi, na zimebaki siku tatu, na Wilibrodi akirudi Jumapili kutoka hoteli ya kule juu ya Kreta, alikokuwa akiosha vyombo, atamkuta mtoto anakimbia uani.

"Ikinikuta, mweke tu paka. Umeona ninavyofanya."

Darasa la kisomo lilifanyika katika chumba ambacho asubuhi kilikuwa cha darasa la pili. Madawati yalikuwa ya watoto, kwa hiyo watu wazima walikaa upande, magoti nje. Mwalimu Tobiko, kijana Mmaasai kutoka Olbalbal, alifundisha akiwa na chaki mkono mmoja na mkono mwingine mfukoni kwa ajili ya baridi.

"Leo vitendo," alisema. Akaandika ubaoni, akarudi nyuma. "Mzee Piusi, tusomee."

Mzee Piusi, aliyeendesha trekta la shamba la ngano miaka ishirini na kuanza kusoma akiwa na wajukuu, alisimama akavua kofia. "Ma-ma. A-na-m..." Akasita, akakaza macho. "Paka. Mto-to. Ma-fu-ta." Akageuka. "Mwalimu, huyu paka amefuata nini kwenye mafuta?"

Darasa zima likacheka. Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Amefuata harufu, mzee, kama wewe na pombe." Wakacheka tena. Lukresia naye alicheka.

Mwalimu Tobiko alifuta macho kwa mkono wa koti. "Mzee wangu, huyo si wa panya. Ni kitendo. Mama anampaka mtoto mafuta. Mimi napaka, wewe unapaka. Sasa, nikikuamuru nasemaje?"

"Unasema nipake."

"Ninakuamuru, sikubembelezi."

"Paka!"

"Basi. Paka mafuta. Paka rangi. Kule kwetu ni: paka ng'ombe dawa, kupe watammaliza."

"Haya, na ukiniandikia kwenye karatasi, Paka, basi," Mzee Piusi hakukubali kukaa, "nitajuaje kama unaniamuru ama unaniletea mnyama?"

"Utasoma neno linalofuata."

Lukresia alikuwa bado anatabasamu alipohisi vidole vimepoa. Penseli ilianguka, ikabingirika chini ya dawati, hakuiokota. Kupaka alikujua. Kila asubuhi alimwambia Hyasinta, njoo nikupake mafuta. Kama mganga angesema kwa mdomo, angeelewa hata akiwa usingizini. Lakini yeye hakusikia, alisoma. Na kwenye karatasi neno lile lilikuwa na uso mmoja tu, uso wenye masharubu, uliokaa juu ya gunia.

Akaikunjua karatasi juu ya goti. Neno linalofuata. Kifuani.

Alisimama ghafla, dawati likapiga kelele.

"Vipi, Mama Hyasinta?" Mwalimu Tobiko aliuliza.

Mlango ulikuwa umeshafunguka.

*

Alikatiza shamba la ngano iliyovunwa, mabua yakimchoma miguuni, kiatu kimoja kikabaki nyuma. Ukungu ulikuwa umegeuka rangi ya shaba upande wa magharibi. Jioni ilikuwa inamtangulia. Aliwaza siku nne, asubuhi na jioni, mara nane. Akilini alimwona Katarina akisogea kitandani polepole, mama mtiifu, aliyesikia kwamba imeandikwa.

Alipoinamia mlango hakusikia filimbi. Hilo ndilo lililomtisha.

Katarina alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, amemkandamiza paka kwa mikono miwili juu ya kifua cha mtoto.

"Alitaka kutoroka," alisema bila kugeuka. "Nimemshikilia. Nimefanya kama ulivyoniambia."

Midomo ya Hyasinta ilikuwa na rangi ya majivu. Alikuwa anavuta hewa kwa shingo, kwa mbavu, kwa tumbo, na hewa haiingii. Hakulia. Alimtazama mama yake kama anayetazama mtu aliye ng'ambo ya korongo.

Lukresia alimkamata Polisi kwa ngozi ya shingo, akamrusha nje. Akalitupa blanketi. Akavua khanga yake, akamfunga mtoto, akamshika wima begani, akatoka mbio.

"Wewe! Umemfanya nini paka? Lukresia!"

Nyuma yake alisikia fimbo ya Katarina ikigonga ardhi, ikijaribu kumfuata.

Zahanati ilikuwa imefungwa. Mganga aliishi chumba cha nyuma. Alitoka na tonge mkononi, akamwona mtoto, akalitupa tonge. Alichemsha sindano kwa jiko la mafuta ya taa, na Lukresia hakuwahi kuona maji yakikawia kuchemka kama yale. Alimdunga. Akamkalisha Hyasinta kwenye kiti karibu na dirisha lililo wazi, mikono juu ya meza, akamwambia Lukresia amshike mgongo na asimlaze.

Katarina alifika, akahema, akaketi kwenye benchi la nje.

Walikaa. Kisha, taratibu, kama mtu anayejifunza, filimbi ikaanza. Nyembamba, ya mbali. Lukresia, aliyekuwa ameichukia kwa juma zima, aliweka shavu kwenye mgongo wa mwanawe akaisikiliza huku machozi yakimtoka.

"Ile dawa," mganga alisema akikausha mikono, "umempaka?"

Neno moja lingetosha. Ndiyo. Nani angejua? Si mganga, aliyeona watu hamsini siku ile. Si Katarina kule nje.

"Sikumpaka," alisema. "Nilimweka paka."

"Ulimweka nini?"

Akatoa karatasi, akaweka kidole. "Hapa. Nilisoma paka. Wa nyumbani. Nilimlaza kifuani, asubuhi na jioni, siku nne."

Mganga aliisoma karatasi yake mwenyewe. Kicheko kilimpanda hadi mdomoni, Lukresia akakiona kikifika. Kisha mganga akamtazama Hyasinta, na kicheko kikarudi kilikotoka. Akavuta kigoda akakaa, mara ya kwanza tangu wafahamiane.

"Ni dawa ya kuchua, mama. Ile ya kopo dogo, yenye harufu kali. Jina lake ni hili la juu."

"Nilidhani ni sahihi yako."

Akasugua paji la uso. "Nami sikukusomea." Akayatazama macho ya Hyasinta. "Akiwa na paka, anapiga chafya? Macho yanavimba?"

"Mkwe wangu aliona. Nikamwambia ni moshi."

"Si moshi. Paka ni mzio wake. Unalijua neno hilo?"

"Silijui."

"Kuna mtu mwili wake unakataa mayai, akila anavimba. Mwingine samaki. Huyu mwili wake unamkataa paka. Manyoya yake, mate yake, hata blanketi alilolalia. Si uchawi, na mtoto hana kosa, wala paka hana kosa. Lakini wakilala chumba kimoja, siku moja hutawahi kufika hapa."

Lukresia aliipokea sentensi ile ya mwisho akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akainua karatasi. "Niandikie. Herufi kubwa. Nisome ukiwa hapo."

Akaandika. Lukresia alisoma kwa sauti, kidole kikitembea, hakukimbia popote: "Paka. Asi-ingie. Ndani." Akainua macho. "Hapa paka ni mnyama?"

"Hapa ni mnyama."

"Kwa sababu ya asiingie."

"Ndiyo, mama," mganga alisema. "Kwa sababu ya asiingie."

*

Waliporudi kesho yake asubuhi, Polisi alikuwa amelala kizingitini. Lukresia alimfukuza kwa fagio. Hyasinta, mikononi mwa bibi yake, alinyoosha mkono.

"Polisi wangu." Pumzi. "Usimpige."

"Simpigi. Ninamhamisha."

"Na panya?" Katarina alisema. Usiku uliotangulia alikuwa ameona mengi bila kuuliza, lakini hili hakuweza. "Mahindi yako darini, juu ya vichwa vyetu. Paka akitoka leo, kesho wao wanaingia. Unataka tuzike tena?"

"Mahindi nayo yatatoka, Ayo."

Kazi ilichukua siku tatu. Lukresia alipanda darini, akajaza kikapu, akakishusha kwa kamba. Katarina alipokea chini na kumwaga uani. Mahindi yalikuwa meusi kwa moshi, na vumbi lililoshuka nayo lilikuwa na manyoya ya kijivu ndani yake. Hyasinta alikaa mbali, chini ya uzio, amefungwa kitambaa puani, akiwalinda kuku wasiyafikie. Mwisho wa uani walisimamisha kihenge juu ya miguu minne ya mti mgumu, na kila mguu Lukresia aliuvika bati la debe lililokatwa, liteleze, panya asipande. Chini yake akaweka gunia kuukuu. Hapo ndipo kituo kipya cha Polisi.

Siku ya pili, kikapu kikiwa katikati ya kamba, Katarina alisimama kukipokea, hakukipokea.

"Kwa nini karatasi ile ilisema awekwe, na hii inasema atoke? Serikali ni moja. Mganga ni mmoja."

Kikapu kiliyumba. Lukresia angeweza kusema dawa imebadilika. Katarina alikuwa tayari kuamini. Ndiyo maana ilikuwa vigumu.

Alifunga kamba darini, akashuka ngazi. Akaikunjua karatasi ya kwanza, akaeleza yote: darasa, Mzee Piusi, mafuta, neno linalofuata. Alieleza kwa Kimbulu, ambacho kina neno moja la mnyama yule na neno jingine kabisa la kupaka, na kwa lugha hiyo kosa lilionekana la kijinga zaidi. "Haikuandikwa," alimaliza. "Nilisema imeandikwa, na haikuandikwa. Wewe uliona kwa macho, mimi nikakunyamazisha."

Alingoja aambiwe kwamba kisomo kimekwisha. Alingoja jina la Cresensia.

Katarina alijifuta mikono kwenye nguo. "Ni lipi hapo, paka?"

Lukresia akamwonyesha. Mkwewe aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi, akaweka kidole gumba juu ya neno. Likafunikwa lote.

"Kumbe kadogo hivi," alisema.

Kisha akasema, sauti imeshuka: "Ile jioni alikuwa anajikunjua anataka kutoka, paka mwenyewe. Mimi ndiye niliyemkandamiza. Hilo halikuhitaji kusoma." Akaurudisha mkono, akashika kikapu, akakishusha. "Jumatatu nenda. Lakini lolote litakaloingia nyumba hii limeandikwa, utalisoma kwa sauti nikiwepo, halafu tutamtazama mtoto."

Lukresia akapanda ngazi tena. Mchana ule alichemsha mablanketi kwenye debe, akafagia kuta kutoka juu, akachukua samadi mbichi na maji, akapiga magoti na kuanza kusiriba sakafu kwa kiganja, kutoka pembeni kuja mlangoni. Katikati ya chumba alisimamisha mkono. Akaitazama rangi ya kijani iliyojaa vidoleni, akasema peke yake, polepole, kama ubaoni: "Napaka."

*

Wilibrodi, aliyekuwa ametumiwa habari, alikuja Jumapili na kopo dogo la dawa alilonunua Karatu, akayasoma maandishi yake yote kwa sauti kabla hata hajaketi, kwa sababu mama yake alimzuia mlangoni. Alirudi kazini siku ileile. Jumatatu Lukresia alifanya mtihani. Kulikuwa na sentensi moja yenye neno paka; aliisoma mara sita.

Kifua hakikupona mara moja. Kulipokuwa na vumbi kilibana, asubuhi za ukungu kilipiga filimbi, na Lukresia alihesabu: maneno matatu, manne, siku moja matano, kesho yake tena matatu. Kila alfajiri, kabla ya jogoo, kulikuja sauti mlangoni, kucha zikikwaruza mbao za chini, zikingoja, zikikwaruza tena. Hyasinta aliisikia. Hakuomba. Aligeukia ukuta, na mama yake hakujua kama ni usingizi.

Asubuhi ya siku ya kumi na mbili tangu Polisi ahamishwe, mkwaruzo haukuja.

Lukresia aliamka, akafungua. Ukungu ulikuwa umejaa uani, kihenge kikionekana miguu tu. Katarina alikuwa ametangulia. Alisimama hatua mbili kutoka kizingitini, na mbele yake, kwenye nyasi zenye umande, palikuwa na panya mkubwa amelala ubavu. Hapakuwa na damu. Polisi hakuonekana popote.

"Usitoke," Katarina alisema.

Alishika kijiti. Akakisogeza chini ya panya, akamgeuza, akainama, akainama zaidi, ukungu wa macho yake juu ya ukungu wa asubuhi. "Sioni," alinong'ona. "Lukresia, sioni kitu. Njoo wewe. Hapana, usije."

Lukresia alisimama na mkono kwenye mlango. Manyoya yalikuwa yamelowa, yamelala, meusi. Alitafuta, kama anavyotafuta kijiwe kati ya maharage, na kila kitu kilifanana na kila kitu.

Chini ya kwapa lake kichwa kidogo kilipenya. Hyasinta alikuwa amesimama kwa miguu yake, blanketi safi mabegani, vidole vya miguu vimeishia penye kizingiti na havikukivuka. Alitazama kwa makini, kwanza nyasi, kisha panya, kisha chini ya kihenge, ambako soksi nne nyeupe zilikuwa zimetulia juu ya gunia. Akafungua mdomo, akasema kwa pumzi moja:

"Bibi, usiogope, Polisi amemuuma hapo nyuma ya sikio."